James Kirkman: Aliyeokoa magofu ya Pwani, akakosea jina la wenyewe

WATALII na wanafunzi wanaozuru magofu ya Gede karibu na Watamu, au ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, aghalabu huondoka na picha nyingi na majina machache. Hata hivyo, kuna jina moja ambalo kila anayetaka kujua historia ya sehemu hizo hulikuta tena na tena. Nalo ni la James Spedding Kirkman.

Mwanaakiolojia huyo Mwingereza, aliyezaliwa mwaka wa 1906 na kufariki mwaka wa 1989, ndiye aliyeufukua mji wa Gede kutoka msituni. Ndiye pia aliyesimamia kugeuzwa kwa jela ya Mombasa kuwa makumbusho. Ni magofu machache mno ya pwani ya Kenya ambayo hakuyakanyaga, akayapima na kuyaandikia.

Lakini maisha yake yana upande wa pili. Kirkman alizihifadhi kuta kwa uangalifu mkubwa, ila alipofika kwenye swali la nani aliyezijenga, alitoa jibu ambalo watafiti waliomfuata walilazimika kulipindua. Kisa chake ni funzo kwa yeyote anayeshughulikia turathi za mahali palipopitiwa na jamii nyingi: kuokoa jengo ni kazi moja, na kumtambua mwenye jengo ni kazi nyingine.

Mji uliomezwa na msitu

Kirkman alikabidhiwa Gede mwaka wa 1948, akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushei. Wakati huo magofu hayo hayakuwa mageni kwa serikali ya kikoloni. Mwingereza John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa nchi yake Zanzibar, alikuwa ameyafikia mwaka wa 1884. Mnamo 1927 yalitangazwa kuwa mahali pa kihistoria, na miaka miwili baadaye yakawekwa chini ya ulinzi wa sheria.

Hata hivyo, ulinzi wa karatasi haukuuzuia mti kupasua ukuta. Mibuyu na mizizi ya miti mingine ilikuwa imezitambaa nyumba, visima vilikuwa vimejaa vifusi, na paa zilikuwa zimeporomoka karne nyingi kabla.

Mwaka huo wa 1948 Gede ilifanywa kuwa mbuga ya kitaifa, na Kirkman akateuliwa kuwa msimamizi wake. Jambo hilo lina kinaya chake. Mji wa watu, uliokuwa na misikiti, makaburi na jumba la mfalme, uliwekwa mikononi mwa shirika lile lile lililokuwa likiwalinda ndovu na simba.

Wakazi wa vijiji jirani, wengi wao Wagiriama, walikuwa na uhusiano wao na mahali hapo muda mrefu kabla ya Kirkman kufika. Kwao, Gede palikuwa mahali penye mizimu, pa kuingiwa kwa heshima. Kirkman mwenyewe hakuyadharau hayo kabisa. Aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kana kwamba kulikuwa na kitu nyuma ya kuta kikimtazama, si kwa uadui wala kwa urafiki.

Jina lenyewe la mahali hapo linadokeza jinsi jamii zilivyopishana. Inaaminika kuwa Gede ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani, na yamkini lilitolewa na Waoromo walioshuka kutoka kaskazini wakati mji ulipokuwa ukihamwa au ulipokwisha kuhamwa. Baadhi ya wanahistoria wanadhani wenyeji wa awali waliuita mji wao Kilimani.

Kusoma historia katika vigae

Kirkman alichimba Gede kwa mwongo mmoja. Kazi yake haikuwa ya kutafuta dhahabu. Alichimba tabaka baada ya tabaka, akikusanya vigae vya vyungu na vya kauri, na kuandika kila kimoja kilipatikana katika udongo wa kina gani.

Hapo ndipo ulipokuwa ustadi wake mkubwa. Kauri za Kichina na vyombo vilivyong'arishwa vya nchi za Kiislamu vilikuwa na umri uliojulikana kwa kiasi fulani. Kigae cha aina hiyo kikipatikana chini ya sakafu, basi sakafu hiyo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kigae. Kwa njia hiyo, majengo ambayo awali yalikisiwa tu yalianza kupata tarehe.

Kaburi moja lilimrahisishia kazi. Liliandikwa mwaka wa 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399 Miladia. Kirkman alilitumia kama kigingi cha kufungia kalenda nzima ya mji, na mnamo 1960 akachapisha kitabu kizima kulihusu.

Picha iliyojitokeza ilikuwa ya mji uliostawi hasa katika karne ya 15, ukiwa na kuta mbili, wa ndani na wa nje, katika eneo la takriban ekari 45. Inakadiriwa kuwa watu wasiopungua 2,500 waliishi humo. Mapema katika karne ya 17 walikuwa wameondoka, labda kwa sababu ya vita, kukauka kwa visima, au mambo hayo yote kwa pamoja.

Nyumba za Gede alizipa majina kulingana na kilichopatikana ndani. Ipo nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri za pwani ambazo wengine huziita simbi, nyumba ya fedha za Kichina, nyumba ya ushanga wa Venice, nyumba ya taa ya chuma na nyumba ya kijisanduku cha pembe za ndovu. Orodha hiyo pekee inatosha kuonyesha kwamba mkazi wa Gede alijua bidhaa za Uchina, Bara Hindi na Ulaya, ijapokuwa mji wenyewe haukuwa ufuoni.

Fauka ya hayo, nyumba hizo zilikuwa na vyoo na mahali pa kuogea, na mitaro ya kuondolea maji. Hayo yalikuwa maisha ya mjini katika kila maana ya neno hilo.

Kirkman hakuishia Gede. Alichimba Kilepwa, kisiwa kidogo katika hori ya Mida, na Mnarani, ng'ambo ya hori ya Kilifi. Alikwenda Takwa katika kisiwa cha Manda, ambako msikiti wenye nguzo juu ya kibla umesimama hadi leo. Alifika Ungwana karibu na mdomo wa Mto Tana, na hata Ras Mkumbuu kisiwani Pemba.

Taarifa zake zilichapishwa moja baada ya nyingine. Kitabu chake kuhusu msikiti mkuu wa Gede kilitoka mwaka wa 1954, cha jumba la mfalme kikafuata mwaka wa 1963, na cha Ungwana mwaka wa 1966. Yeyote anayeandika leo kuhusu magofu ya pwani ya Kenya hana budi kuanzia kwenye kurasa hizo, hata kama nia yake ni kuzipinga.

Kutoka jela hadi makumbusho

Mnamo 1958 Kirkman alipewa mzigo mzito zaidi. Fort Jesus, iliyokuwa imetumiwa na Waingereza kama jela tangu 1895, ilitangazwa kuwa mahali pa ukumbusho wa kihistoria. Wakfu wa Gulbenkian wenye makao yake Lisbon, Ureno, ulitoa pauni 30,000 kwa minajili ya kuikarabati. Wafungwa waliondolewa na uchimbaji ukaanza.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waashi walitoka Bara Hindi na vibarua wakatoka Malindi. Kwa hivyo, tangu jiwe la kwanza, haikuwa kazi ya mikono ya taifa moja.

Baada ya hapo ilipita mikononi mwa wengi. Mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na kubatizwa na Wareno mjini Goa, aliwaasi na kuiteka. Wareno walirejea mwaka uliofuata. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33, kabla ya kuingia.

Kisa cha mzingiro huo ni mfano mzuri wa jinsi historia ya mahali inavyoweza kufinywa. Watu wengi huusimulia kama vita kati ya Wareno na Waarabu. Ukweli ni kwamba maradhi yaliwaua Wareno wengi ndani ya ngome, na kwa muda ulinzi ukawa mikononi mwa Bwana Daudi wa Faza, akiwa na Waswahili wenzake na Waafrika wengine, wakiwemo wanawake.

Wareno waliipata tena ngome kwa muda mfupi mnamo 1728 na 1729. Kisha ikaja zamu ya ukoo wa Mazrui, waliotawala Mombasa hadi 1837 waliposhindwa na Sayyid Said. Mnamo 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga ili kumtoa Al-Akida Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa amemwasi Sultani wa Zanzibar.

Kila mmoja wa watawala hao aliacha alama: Wareno kanisa na tangi la maji, Waomani nyumba juu ya boma, Mazrui ukumbi wa baraza, na Waingereza vyumba vya wafungwa. Kirkman alikabiliwa na swali ambalo kila mhifadhi hukutana nalo. Je, ngome irudishwe katika hali ya zama zipi?

Aliondoa majengo ya jela, lakini hakuondoa yale ya Waomani na Mazrui ili kuifanya ngome ionekane ya Kireno pekee, ijapokuwa fedha zilitoka Lisbon. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mgeni anayeingia Fort Jesus leo anaweza kusimama mahali pamoja na kuona kazi za zama tatu au nne tofauti.

Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa ni michoro ambayo askari na mabaharia wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Ipo michoro ya merikebu, samaki na watu. Hiyo haikuwa kazi ya wasanii wa mfalme bali ya watu wa kawaida waliokuwa mbali na kwao, na ndiyo maana thamani yake ni kubwa.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka wa 1962. Humo viliwekwa vitu vya ngome pamoja na vile vya Gede, Mnarani na Ungwana. Kirkman alibaki kuwa msimamizi hadi mapema katika miaka ya sabini. Kitabu chake kikubwa kuhusu ngome hiyo kilichapishwa mwaka wa 1974.

Kabla ya hapo, mnamo 1972, alikuwa ameandika kuhusu merikebu ya Kireno iliyozama karibu na ngome. Hiyo ilikuwa Santo António de Tanná, iliyokwenda chini mwaka wa 1697 wakati wa mzingiro. Wapiga mbizi waliichimba baharini kuanzia mwaka wa 1977, na vitu vyake vikaingizwa katika makumbusho hayo.

Wenyewe ni nani?

Mpaka hapo, Kirkman anastahili sifa zote. Tatizo lilikuwa katika jibu lake kuhusu wajenzi wa miji hii. Kitabu chake cha 1954 kiliiita Gede mji wa Kiarabu, na neno hilo lilikuwa kwenye jalada.

Miaka 10 baadaye, mnamo 1964, alitoa kitabu kingine kuhusu watu na majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo alisisitiza kwamba majengo hayo si ya Waafrika bali ni ya Waarabu na Waajemi walioingia Uarabuni kwa utamaduni. Alikubali kuwa damu yao ilichanganyika na ya Waafrika, lakini akashikilia kuwa utamaduni wao ulikuwa mbali kabisa na wa Waafrika waliowazunguka.

Kenya ilikuwa imejipatia uhuru miezi michache tu kabla. Hadi Desemba 1963, bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ikipepea juu ya Fort Jesus, kuashiria kuwa ukanda wa maili 10 wa pwani ulikuwa milki yake. Wanasiasa wa Mwambao walikuwa wamedai ukanda huo ujitenge. Kwa hivyo, kusema magofu ni ya nani halikuwa swali la wasomi tu. Lilikuwa swali la nani mwenyeji na nani mgeni.

Kauli kama ile ya Kirkman iliwaumiza watu wa pande mbili. Mgiriama aliyeishi hatua chache kutoka Gede aliambiwa kuwa mji ule haukumhusu. Naye Mswahili, ambaye babu zake walijenga kwa mawe ya matumbawe na kuzungumza lugha ya Kibantu, alifanywa mgeni katika mji wa mababu zake.

Ni haki kusema kuwa Kirkman hakuwa peke yake. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, alikuwa na mtazamo unaokaribiana na huo. Wakati wa ukoloni, kila jengo la mawe lililopatikana Afrika lilitafutiwa mjenzi kutoka nje. Hata Zimbabwe Kuu iliwahi kupewa wajenzi kutoka kila mahali isipokuwa Zimbabwe.

Mbinu yake nayo ilimponza. Kwa kuwa alitegemea kauri na vyombo vya kigeni kupata tarehe, macho yake yalivutwa na vya kigeni. Vyungu vya kienyeji, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vingi katika kila shimo, havikupewa uzito unaolingana na wingi wao. Mtu anayehesabu sahani za wageni na kupuuza chungu cha mwenye nyumba hawezi kushangaa akidhani kuwa nyumba ni ya wageni.

Cha ajabu ni kwamba ushahidi mwingine ulikuwa mbele ya macho yake. Juu ya mlango mmojawapo wa msikiti mkuu wa Gede kumechongwa mkuki wenye ubapa mpana, na Kirkman aliuona na kuuandika. Mkuki wa aina hiyo huitwa fumo, na Fumo ni cheo cha watawala wa pwani, kama Fumo Liyongo wa masimulizi na wafalme kadhaa wa Pate.

Ni hivyo hivyo kwa makaburi yenye minara yaliyomo Gede, Mnarani na kwingineko. Hayo ni alama mahsusi ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Somalia hadi Tanzania, wala si jambo lililoletwa kutoka Uarabuni.

Aidha, wenyeji walikuwa na wasomi wao. Liwali Mbarak Ali Hinawy wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1959, alichapisha kitabu kuhusu Al-Akida na Fort Jesus mnamo 1950, miaka minane kabla ya Kirkman kuanza kuichimba ngome hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa zama za Mazrui, yalikuwa yamechapishwa kama diwani mwaka wa 1940. Historia ya mji ilikuwa ikisemwa na wenyewe, kwa lugha yao. Waliokosekana ni wa kuisikiliza.

Jibu lililokuja baadaye

Kizazi kilichomfuata Kirkman kilirejea kwenye mashimo yale yale kikiwa na maswali tofauti. Kati ya 1980 na 1988 Mark Horton alichimba Shanga katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti mingine midogo ya miti na udongo, ya zamani kabisa ikiwa ya karne ya nane. Mji haukuletwa merikebuni ukiwa kamili, bali ulikua pole pole kutoka kijiji cha wenyeji.

Mwanaakiolojia Mkenya George Abungu alichunguza eneo la Ungwana na bonde la Mto Tana, akionyesha jinsi miji ya pwani ilivyofungamana na watu wa bara. Abungu alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya mwaka wa 1999. Mwaka huo huo Chapurukha Kusimba, Mkenya mwingine aliyefanya utafiti Mtwapa, alichapisha kitabu chake kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili.

Vyungu vilivyopuuzwa sasa vilizungumza. Aina moja ya vyungu vyenye nakshi za pembetatu ilipatikana pwani na bara pia, katika vijiji vya wakulima na wafua chuma vilivyotangulia miji ya mawe. Wenye vyungu hivyo ndio waliokuwa msingi wa Uswahili.

Sayansi ya vinasaba imeongeza sura nyingine. Utafiti uliochapishwa Machi 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa kale wakiwemo wa Mtwapa, Manda na Faza, ulibainisha kuwa kuanzia karibu mwaka wa 1000 Waafrika na watu kutoka Asia, hasa Uajemi, walioana. Upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa kiasi kikubwa, na upande wa akina baba ulikuwa na Waajemi wengi. Baadaye, baada ya 1500, Waarabu nao wakaongezeka.

Matokeo hayo hayampi Kirkman ushindi, wala hayawaondoi wageni katika hadithi. Wageni walikuja kweli, kama wazee wa pwani waliojiita Washirazi walivyosimulia siku zote. Lakini walikuta miji imekwisha kuanza, wakaoa humo, na watoto wao wakazungumza lugha ya mama.

Alichoacha

Gede ilihamishwa kutoka shirika la mbuga na kukabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa mwaka wa 1969. Mnamo 1993 mradi wa Kipepeo ulianzishwa hapo, ambapo wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi vya vipepeo, na pupa wake huuzwa ng'ambo. Ilikuwa mojawapo ya njia za kumfanya jirani wa magofu na msitu aone faida ya kuvitunza.

Orodha ya turathi za dunia ya UNESCO nayo inaonyesha jinsi mtazamo ulivyopanuka. Mji wa Lamu uliingizwa mwaka wa 2001, na sifa yake kubwa ni kwamba watu wangali wanaishi humo. Makaya ya Mijikenda yalifuata mwaka wa 2008, na hayo si majengo bali ni misitu yenye kumbukumbu na makatazo ya wazee. Fort Jesus iliingizwa mwaka wa 2011, na Gede mwaka wa 2024, miaka 76 baada ya Kirkman kuanza kazi huko.

Laiti makaya yangepimwa kwa kipimo cha miaka ya hamsini, hayangehesabiwa kuwa kitu, kwani hayana ukuta wala kauri ya Kichina. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inatambua kuwa turathi ni zaidi ya majengo. Hilo ni badiliko kubwa kutoka zama ambapo wenyeji walitajwa katika vitabu vya magofu kama vibarua au walinzi tu.

Takwa ni mfano hai. Kirkman aliupima msikiti wake na kuuandikia. Wakati huo huo watu wa Shela, ambao wazee wao wanatokana na mji huo, wamekuwa wakivuka maji kwenda kuomba dua ya mvua kwenye kaburi lenye mnara lililoandikwa mwaka wa 1094 wa Hijria, yaani karibu 1683 Miladia. Kwa mtafiti, pale palikuwa mahali palipohamwa. Kwa watu wa Shela, hapajawahi kuhamwa.

Bila Kirkman, sehemu kubwa ya Gede ingeporomoka kabla ya mtafiti yeyote wa Kenya kupata nafasi ya kuichimba. Abungu, Kusimba na wenzao walimkosoa kwa kutumia kalenda, ramani na vigae alivyowaachia yeye mwenyewe, vikiwa vimehifadhiwa na kuandikwa kwa utaratibu. Mtu anayeweka kumbukumbu kwa uaminifu huwapa wanaokuja nyuma yake uwezo wa kumsahihisha.

Wasimamizi wa sasa wa sehemu hizi wanakabiliwa na jukumu ambalo Kirkman alilitimiza nusu. Ukuta wa Gede unahitaji chokaa, na Fort Jesus inahitaji kulindwa dhidi ya mawimbi. Lakini vibao vinavyomweleza mgeni kile anachokiona vinahitaji uangalizi wa kiwango hicho hicho, ili Mswahili, Mgiriama, Mwarabu, Muoromo na mzawa wa Goa, kila mmoja, akute sehemu yake imetajwa na isiyo yake haikupewa yeye.